Albamu ya Mtu Mmoja Iliyojaa Watu

Fundi aliyenitengenezea redio ya kaseti mwezi uliopita alikataa kupokea pesa yangu kabla hajaijaribu kwa kaseti niliyokuja nayo mwenyewe, kwa sababu, alisema, zake mbili za majaribio zote ni za kwaya na hataki nirudi baadaye kulalamika kwamba besi haisikiki. Nikampa niliyokuwa nayo mfukoni. Karatasi ya kava imefifia mpaka sura ya msanii imebaki kivuli, na ganda la plastiki lina ufa niliouziba kwa gundi nikiwa bado shuleni. Alipobonyeza kitufe, belti mpya aliyoiweka ikaanza kuzungusha, sauti ikatoka nzito, yenye kukwaruza kidogo, na kijana mmoja aliyekuwa akisubiri simu yake itiwe kioo, ambaye kwa kumtazama tu nilijua kwamba mwaka 2001 alikuwa hajazaliwa, akaitikia "Ndio mzee!" bila kuambiwa na mtu.

Kaseti hiyo ni Machozi, Jasho na Damu, albamu ya kwanza ya mwanarap Professor Jay baada ya kutoka kwenye kundi la Hard Blasters Crew na kusimama peke yake, iliyotoka mwaka huo wa 2001. Nimeisikiliza kwa zaidi ya miaka ishirini, kwanza kwa kaseti hiyo hiyo, kisha kwa sidii za kuchomwa, kisha kwa simu, na kila nikiirudia nakutana na jambo lile lile ambalo nimekuwa nikilisema katika mabishano ya kijiweni lakini sijawahi kuliandika, kwamba albamu hii ni ya mtu mmoja kwa jina tu. Ndani yake mna watu wengi kuliko waliomo katika albamu ya kundi alilotoka, na nadhani ni huo wingi wa watu uliomfikisha mahali ambapo kundi lake, pamoja na ukubwa wake wote, lilikuwa halijafika, yaani sebuleni kwa wazee wetu.

Nikimwita mkongwe wa wakati ule, vijana huniuliza imekuwaje mtu aliyezaliwa Desemba 1975 aitwe mkongwe mwaka 2001, akiwa na umri wa miaka 25. Ukongwe hupimwa kwa umri wa shughuli yenyewe. Rap ya Kiswahili ilikuwa na miaka kumi hivi. Mwaka 1991 Saleh Jabir aliuchukua mdundo wa Vanilla Ice uliokuwa ukivuma dunia nzima, akautilia maneno ya Kiswahili, na watu wakashangaa kwamba kumbe jambo hilo linawezekana. Likaja kundi la Kwanza Unit, akaja Mr II ambaye leo tunamwita Sugu, na katikati ya miaka ya tisini, wakati redio za watu binafsi zimeanza kuingia hewani, Joseph Haule, mzaliwa wa Songea, alikuwa tayari akichana mistari ndani ya Hard Blasters Crew, akitumia jina ambalo baadaye aliliacha na kujiita Professor Jay. Katika muziki wenye umri wa miaka kumi, aliyekaa humo sita au saba ni babu.

Hard Blasters tuliowajua sisi walikuwa watatu: Jay, Fanani na Big Willy. Albamu yao Funga Kazi ilitoka mwaka 2000, na wimbo wao wa Chemsha Bongo ulifanya kazi ambayo mtu asiyekuwapo hawezi kuipima vizuri, kwa kuwa kabla ya hapo wengi wetu tulikuwa tukiwasikiliza Wamarekani na kukariri maneno tusiyoyaelewa, na hao wa nyumbani tulikuwa tukiwasikiliza kwa uzalendo zaidi kuliko kwa raha. Chemsha Bongo ilitupa raha. Sitaki kabisa msomaji adhani kwamba nawashusha hao watatu ili nimpandishe mmoja wao. Kuna rafiki yangu, mtu wa Funga Kazi hadi leo, anayeshikilia kwamba Jay hajawahi kuandika vizuri kama alipokuwa na Fanani pembeni yake, maana ukijua kwamba mwenzako anaingia baada yako na beti kali, huwezi kuleta beti ya uongo na kweli. Sina jibu la kumshinda. Ushindani wa watu watatu wanaopendana ni kitu ambacho mtu akiwa peke yake hawezi kukinunua popote.

Na hilo ndilo tatizo la kwanza la kila msanii wa kundi anayetoka kwenda kusimama mwenyewe. Katika kundi sauti hupumzishana. Sikio la msikilizaji likianza kuchoka na sauti nzito, inaingia nyembamba. Likichoka na mwendo wa pole, anaingia mwenye haraka. Kuchana saa nzima kwa sauti moja ni sawa na kusafiri kutoka Dar es Salaam hadi Songea ukiwa umekaa na abiria mmoja ambaye hanyamazi: hata awe na hadithi tamu namna gani, ukifika Makambako utatamani ashuke. Wasanii wengi hulitatua tatizo hili kwa kualika wageni, kila wimbo na mgeni wake, mpaka mwenye albamu anabaki kuwa mshereheshaji wa harusi yake mwenyewe. Professor Jay naye alikuwa na sauti za wenzake za kumsaidia katika viitikio, lakini dawa yake kubwa ilikuwa nyingine. Alijigeuza watu.

Wimbo unaoonyesha jambo hili waziwazi kuliko wote ni huo wa Ndio Mzee, ambao ninaamini hauhitaji kuelezwa kwa Mtanzania yeyote aliyefikisha umri wa kupiga kura, lakini nitaueleza, kwa sababu nimegundua kwamba watu wengi wanaukumbuka kiitikio na kuisahau hotuba. Anayezungumza si Professor Jay. Ni mwanasiasa aliyesimama jukwaani, ana uhakika na nafsi yake, na anawaahidi wananchi kwamba ataigeuza Tanzania iwe kama Ulaya. Atafuta umaskini. Wanafunzi watakwenda kufanya mazoezi yao ya sayansi mwezini. Hospitalini atamwaga dawa kama mchanga, na kila mtoto mchanga atafunguliwa akaunti. Watu wa vijijini wasahau habari za visima, kwa kuwa atafungulia mabomba ya maziwa nchi nzima. Na kila anapotua pumzi, umati unamwitikia kwamba ndiyo, mzee.

Niliupeleka wimbo huo Kidodi, wilayani Kilosa, wakati wa likizo ya Desemba mwaka ule ule. Mjomba wangu alikuwa akifanya kazi katika mashamba ya miwa, na jioni alikuwa balozi wa nyumba kumi, mtu wa chama hasa, mwenye daftari la wanachama lililofungwa kwa kamba ya katani. Umeme haukuwapo nyumbani kwake. Redio yake ilitumia betri nne kubwa, ambazo mchana alizianika juani juu ya ungo ili zipate nguvu ya kumalizia taarifa ya habari, na kuzitumia betri hizo kwa kaseti lilikuwa jambo la kuombewa ruhusa rasmi. Nikaomba, nikapewa wimbo mmoja.

Alisikiliza akiwa anakuna nazi, mgongo ameugeuzia redio. Baada ya mistari michache akauliza, "Huyu ni mgombea wa wapi?" Nikamwambia, "Mjomba, huo ni muziki." Akasema muziki gani huo usio na kuimba. Wakati huo hotuba ilikuwa imefika kwenye mabomba ya maziwa, na mbuzi ya kukunia nazi ikasimama. Hakucheka mara moja. Aligeuka kwanza, akaitazama redio kama mtu anayetaka kuhakikisha sauti imetoka hapo, ndipo akacheka mpaka akajifuta macho kwa mkono wenye chicha. Kisha akaniambia nirudishe nyuma, jambo ambalo kwa hali ya betri zile lilikuwa heshima kubwa, na safari hii akasikiliza amenikabili. Wimbo ulipokwisha akauliza swali ambalo sijawahi kulisikia kwa mchambuzi yeyote wa muziki: "Na hao wanaoitikia, wamelipwa shilingi ngapi?"

Nimelibeba swali hilo miaka yote. Kwa maana mjomba, aliyekuwa amehudhuria mikutano ya hadhara mingi kuliko umri wangu, alisikia mara moja kwamba mhusika mkubwa wa wimbo ule si mwanasiasa. Mwanasiasa anasema uongo, na hiyo si habari mpya kwa mtu yeyote. Habari ni umati. Kila ahadi inazidi ya kwanza kwa upuuzi, na kila mara jibu ni lile lile, kwa sauti ile ile, hata pale ambapo mtoto wa darasa la tatu angeuliza maziwa hayo yatakamuliwa wapi. Ilikuwa imepita kama mwaka mmoja tangu uchaguzi mkuu wa Oktoba 2000, wa pili tangu mfumo wa vyama vingi urudishwe, na watu walikuwa bado na fulana na kofia za kampeni nyumbani. Kijana wa hip hop angeweza kuandika wimbo wa kuwatukana viongozi, na wengi waliandika, na wazee wakazima redio. Professor Jay hakumtukana mtu. Alimpa kiongozi kipaza sauti, akatupa sisi kiitikio, na tukajikuta tunaimba kwa furaha sehemu ya wajinga.

Hapa ndipo ninaposema kwamba kundi aliloliacha alilipata upya kwa njia nyingine. Nafasi ya Fanani na Big Willy ilichukuliwa na watu wasio na majina: mwanasiasa, wapambe wake, umati wa uwanjani, na nyuma ya hao wote msikilizaji mwenyewe, ambaye bila kuitikia kwake wimbo haukamiliki. Jambo hili si geni kwetu hata kidogo. Mganaji na waitikiaji wake, manju na ngoma yake, bibi anayesema "Hadithi, hadithi" na wajukuu wanaopaswa kujibu "Hadithi njoo" la sivyo hadithi haianzi, wote hao wanajua kwamba sauti ya pili ni ya hadhira. Mjomba hakujua chochote kuhusu Bronx, kule New York hip hop ilikozaliwa, lakini kupokezana alikujua tangu jandoni.

Kuhusu uandishi wenyewe ningependa kukaa kidogo, kwa sababu sifa za Professor Jay huwa zinaishia kwenye "ujumbe", neno ambalo limetumika vibaya mno katika muziki wetu, kana kwamba ujumbe ukiwa mzuri ufundi hauna haja. Kiswahili kina raha moja na mtego mmoja kwa mtu wa vina. Maneno yetu karibu yote huishia kwa irabu, na mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo kupata kina ni rahisi kama kuokota maembe msimu wake. Mtu yeyote anaweza kumaliza mistari minane kwa "-ini", akitia mjini, shuleni hata kazini, ofisini na sokoni, na akajiona mshairi. Sasa tazama alichofanya kwenye hotuba ile. Umaskini anaupatanisha na mwezini, kina cha bei rahisi kabisa, na kinafaa mno, kwa kuwa anayesema ni mtu wa bei rahisi. Ahadi na kina vyote vimeokotwa njiani. Visima vinapatana na nchi nzima, ambapo "-ima" ya mwisho inashikana sawasawa na mkazo umekaa mahali pake. Halafu kuna ule mchanga. Dawa zitamwagwa kama mchanga, na akaunti itafunguliwa kwa mtoto mchanga: neno moja, maandishi mamoja, maana mbili, na sikio linateleza kutoka la kwanza kwenda la pili kabla akili haijashtuka. Washairi wetu wa kale walijua kucheza na maneno ya namna hiyo. Katika kinywa cha mwanasiasa yule mchezo huo unakuwa kiinimacho, kwa maana huo ndio ufundi wake kazini, kubadilisha kitu mkononi mwako wakati umeitazama sura yake.

Mwalimu wangu wa Kiswahili, kwa upande wake, hakupata nafasi ya kuufurahia ufundi huo kwa sababu alikwama kwenye jina. "Ndio" na "ndiyo" ni maneno mawili, alisema, na akaandika ubaoni kwamba anayekubali husema "ndiyo", na anayeonyesha watu fulani husema "hao ndio". Alikuwa sahihi kisarufi. Nimekuja kuona, hata hivyo, kwamba kosa la kava lilikuwa na busara yake ya bahati, maana ukiusoma wimbo kwa sarufi ya mwalimu, jina lake linakuwa kidole kinachowanyooshea hao wazee wenyewe.

Si albamu nzima iliyo na kiwango hicho. Bongo Dar es Salaam ni wimbo mzuri, na umekuwa kama kitambulisho cha jiji, hasa kwa vile jina lenyewe la Bongo limebeba madai kwamba hapa mjini huishi kwa mikono bali kwa kilichomo kichwani. Humo nako watu wamejaa, tena wa kila aina, na msanii anawapita kama mtu aliyepanda daladala dirishani. Nyimbo za kujigamba, ambazo hakuna albamu ya hip hop inayozikosa, nilizipenda nikiwa na miaka kumi na saba na sasa nazivumilia. Ukisikiliza kwa makini utaona kwamba zinadhoofika pale pale ambapo msanii anakuwa nafsi yake tu, peke yake, akitueleza ukubwa wake, na kwamba albamu inapata nguvu tena anapoingia mtu mwingine ndani yake. Hata jina la albamu lina kitu hicho. Machozi, jasho na damu ni maneno ya majukwaani, ya hotuba za ukombozi na maadhimisho ya Uhuru, tuliyokulia tukiyasikia kwa sauti ya kutetemeka kutoka vipaza sauti vya uwanja wa mpira, na kijana kuyachukua na kuyaandika kwenye kaseti ya muziki ulioitwa wa kihuni ilikuwa ni kudai kwamba na yeye alikuwa na jambo la kulia na kulitolea jasho.

Mdundo ulikuwa wa P-Funk Majani, pale Bongo Records, ambaye kwa maoni yangu alielewa mapema kuliko maprodyuza wengi kwamba sauti ya Professor Jay inahitaji nafasi. Ngoma inapiga, besi inatembea chini, na katikati kuna uwanja mtupu wa mtu kusimama na kuhutubia. Na matamshi yake yalikuwa safi. Hili ni jambo dogo ambalo halisemwi vya kutosha: kila silabi ilitamkwa hadi mwisho, kwa sauti nzito isiyokimbia, na ndiyo maana mzee aliyekuwa akikuna nazi, mgongo ameigeuzia redio ya betri dhaifu, aliweza kufuata hotuba nzima kwa mara ya kwanza. Wasanii wengi wenye haraka zaidi ya ile walitoa kazi nzuri miaka ile, na wazee wetu hawajui hadi leo kwamba walikuwa wanaongelea nini.

Kuna jambo lingine lililomsaidia, nalo ni kaseti yenyewe. Wakati ule msanii akimaliza kurekodi alipeleka kazi yake kwa wasambazaji wa Kariakoo, wakakubaliana, mara nyingi kwa masharti ambayo wasanii wameyalalamikia tangu siku hizo mpaka leo, na kaseti zikasambaa kwa mabasi hadi kwenye vibanda vya stendi kila mkoa. Mimi niliinunua yangu Morogoro, stendi, kutoka kwa kijana aliyekuwa na kaseti zilizopangwa kwenye ubao wenye misumari. Kaseti haikuruhusu uvivu wa kuruka wimbo. Kuruka kulikula betri, na kurudisha nyuma kulifanywa kwa kalamu ya Bic iliyoingizwa kwenye tundu na kuzungushwa hewani mpaka mkono ufe ganzi, kwa hiyo ulisikiliza upande A kama ulivyopangwa, ukageuza, ukasikiliza upande B. Albamu ilikuwa safari yenye vituo. Sasa ninapoona watu wanausikiliza Ndio Mzee peke yake, umeng'olewa ulikotoka na kuwekwa kwenye orodha ya nyimbo za siasa, naona wanaupata ujumbe na kuwakosa watu wengine wote waliokuwa wakisafiri naye.

Mwanasiasa yule wa kubuni hakufa na albamu ile. Baadaye Professor Jay alitoa Siyo Mzee, ambamo kiitikio kimegeuka na wananchi waliochoka hawakubali tena. Mwaka 2003 ikaja Mapinduzi Halisi, yenye Zali la Mentali aliyoimba na Juma Nature, na hapo umaarufu wake haukuwa na mpaka. Lakini mzaha mkubwa kuliko wote ulikuja wenyewe mwaka 2015, aliposimama kugombea ubunge kwa tiketi ya chama cha upinzani, CHADEMA, na kushinda, tena jimbo la Mikumi, ambamo imo Kidodi ya mjomba wangu. Katika wilaya hiyo ya Kilosa kuna kata inaitwa Ulaya. Nawaomba wasomaji wasidhani nimeitunga. Ipo tangu zamani, na mtu aliyeandika mwaka 2001 kwamba mwanasiasa ataigeuza nchi kuwa kama Ulaya alijikuta miaka kumi na minne baadaye akiomba kura huko huko.

Wapo waliosema kwamba kwa kuingia bungeni aliuua wimbo wake. Sikubaliani nao, ingawa naielewa hofu yao. Wimbo ule haukusema kwamba siasa ni ya waongo na watu wema wakae mbali. Ulisema kwamba anayehutubia na anayeitikia wanatengenezana, na mtu aliyeuandika alikuwa na sababu kuliko wengine ya kujua kwamba watu wa jimbo lake wanayo mistari yote kichwani, tayari kumrudishia akiteleza. Sijui mgombea mwingine aliyewahi kuwapa wapiga kura kipimo chake mwenyewe kabla ya kuomba kura, na kwa vina. Alikaa kipindi kimoja, hadi 2020. Nilimpigia mjomba simu baada ya uchaguzi ule wa 2015, nikamwamkia, akaniitikia, na kabla sijauliza akaniambia mbunge wao mpya ni yule wa mabomba ya maziwa. Nikamuuliza kama alimpigia kura, yeye mwenye daftari la kamba ya katani. Akasema, "Kura ni siri, mpwa wangu. Ila maziwa bado nanunua."

Kaseti yangu, nikirudi kwake, haikukamilika. Nikiwa kidato cha nne nilimwazima mwenzangu wa bweni, naye akakaa nayo muhula mzima, na iliponirudia nilikuta vile vitundu viwili vya juu, vinavyozuia kaseti ya dukani isirekodiwe upya, vimezibwa kwa karatasi ya daftari iliyotafunwa. Alikuwa amerekodi mpira. Hakurekodi mechi nzima, dakika chache tu karibu na mwisho wa upande B, pengine betri zilimwishia au alishtuka akakumbuka kaseti ni ya nani, lakini zilitosha kuukata wimbo katikati: Professor Jay anavuta pumzi kuingia kwenye mstari, na badala ya mstari inaingia kelele ya uwanja na mtangazaji anayepiga kelele kwamba mpira umetoka, ni kona. Hatukusemezana kwa wiki mbili.

Siku ile kwa fundi tuliusikiliza upande B hadi hapo. Yule kijana wa simu alidhani ni sehemu ya wimbo, akasema prodyuza alikuwa na akili sana kuweka uwanja wa mpira, na sikumsahihisha. Mstari uliokatwa niliusikia tena mwaka 2012, kwenye kompyuta ya ofisini, miaka kumi na moja baada ya kuinunua kaseti, na hata sasa nikiusikiliza wimbo ule ukiwa mzima kwenye simu, pale anapovuta pumzi mimi husubiri kona.